Telekonveta ya 1.4x kwenye lenzi ya 100-400: ndege wa Ziwa Kivu wanatoka na ukungu, kosa liko wapi?

Mdiria wa Nguba (Bukavu)

Ndugu zangu wapiga picha, salamu kutoka Bukavu. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo yangu, kwa sababu swali fupi huletewa majibu ya kubahatisha.

Natumia Canon EOS 7D Mark II pamoja na lenzi ya zumu ya Canon EF 100-400mm f/4.5-5.6L IS II. Asubuhi husimama kwenye ukingo wa ziwa upande wa Nguba, wakati mitumbwi ya wavuvi wa sambaza inaporudi, ile inayofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu ya kuning'inizia wavu. Juu ya miti hiyo ndipo wanapotua midiria weusi kwa weupe, wale wanaosimama hewani wakipiga mabawa kabla ya kujitosa majini. Mdiria mmoja ana urefu wa sentimita 25 hivi, na mitumbwi hupita umbali wa mita 20 kutoka ninaposimama. Kwa milimita 400, ndege huonekana mdogo mno katikati ya maji mengi, na nikiikata picha ili abaki yeye peke yake, ninachobaki nacho hakifai kuchapishwa hata kwenye kalenda.

Ndiyo maana miezi miwili iliyopita nilinunua telekonveta ya Canon ya 1.4x, toleo la tatu, iliyokwisha kutumika, yaani kile kifaa kifupi kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili kukuza picha. Muuzaji alinihakikishia kwamba lenzi yangu itafika milimita 560 bila kupoteza ubora wowote. Vioo vyake ni safi, havina mkwaruzo wala ukungu, na inafunga vizuri bila kuchezacheza.

Matatizo yangu ni haya. Ndege aliyetulia kwenye mti hutoka laini, jicho lake likiwa doa tu lisilo na ile nukta ya mwanga. Jambo la ajabu ni kwamba katika picha kadhaa, kamba iliyofungwa kwenye mti huo huo, kiasi cha kiganja kimoja mbele ya ndege, inaonekana nyuzi zake zote. Ndege anayeruka ndiyo kabisa: katika picha 40 za mwewe nilizopiga Jumamosi sikupata hata 3 za kutazamika. Na nilipojaribu saa saba mchana kumpiga furukombe aliyekaa juu ya mti ng'ambo ya ghuba, nilipata kitu kama mchoro wa rangi ya maji. Zaidi ya hayo, nukta za kulengea ambazo zamani zilikuwa 65 sasa imebaki moja tu katikati, na kamera inakataa katakata kuchagua nyingine.

Je, nimeuziwa kifaa kibovu? Au ni kamera? Au ni mimi mwenyewe?

Kimya (Bukavu)

Kiuze, ongeza pesa, ununue lenzi ya milimita 600. Telekonveta ni kujidanganya.

Mzee wa Chumba cha Giza (Bukavu)

Mwanangu Mdiria, hujaibiwa. Muuzaji alikudanganya katika jambo moja tu, lile la kutopoteza ubora, na kwa hilo wauzaji wa vifaa hivi wamekuwa wakidanganya tangu enzi za filamu, tulipokuwa tukiita kifaa hiki dubleri hata kile kisichozidisha mara mbili. Ila umeleta malalamiko manne katika swali moja, na kila moja lina chanzo chake. Ukiyatafutia dawa moja hutapona.

Anza na kuelewa kazi ya kifaa chenyewe. Telekonveta haiisogezi lenzi karibu na ndege. Lenzi inaendelea kutoa picha ile ile iliyokuwa ikitoa. Telekonveta inachukua sehemu ya katikati ya picha hiyo na kuitandaza juu ya kihisi kizima, yaani kile kibapa kinachopokea picha mahali pa filamu. Ya 1.4x inachukua nusu ya eneo, kwa hiyo inabaki nusu ya mwanga, yaani stopu moja, na f/5.6 yako inakuwa f/8 (hicho ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikikua, tundu linasinyaa). Ya 2x inachukua robo ya eneo, unapoteza stopu mbili, na ungebaki na f/11. Pamoja na ndege, vinakuzwa vingine vyote: kasoro za lenzi, mtikisiko wa mikono yako, na kosa dogo la fokasi ambalo kwa milimita 400 lilikuwa linajificha. Hapo ndipo watu wengi hudhani telekonveta imeleta ugonjwa, kumbe imeleta darubini ya kuuonea ugonjwa uliokuwapo.

Sasa tuje kwenye nukta moja. Kamera yako ni ya kioo, yaani ndani yake mna kioo kinachopeleka picha kwenye dirisha la kutazamia. Sehemu ya mwanga hupenya kioo kikuu, ikapigwa na kioo kidogo kilicho nyuma yake, ikashuka chini kwenye kihisi cha fokasi kilicho sakafuni mwa kamera. Kihisi hicho hulinganisha mwanga unaopita upande mmoja wa lenzi na ule unaopita upande wa pili, mfano wa macho mawili yanayokadiria umbali. Katika nukta nyingi za kamera yako macho hayo mawili yamewekwa mbali mbali kwa kipimo cha f/5.6, tundu likisinyaa hadi f/8 yanakuwa yanachungulia ukuta badala ya dirisha. Nukta ya katikati pekee ndiyo iliyotengenezwa kuona kupitia f/8. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Ungeweka ya 2x, kamera ingekataa kulenga kabisa kupitia dirisha la kutazamia.

Mwewe wako nao wameelezwa hapo hapo. Ukiwa na nukta moja, ndege akitoka katikati kwa kitambo kidogo tu, kamera inashika mawingu au kilima. Ongeza na hili: Canon wenyewe hupunguza kwa makusudi mwendo wa injini ya fokasi mara telekonveta inapotambuliwa, kwa asilimia 50 kwa ya 1.4x na asilimia 75 kwa ya 2x, ili ulengaji usipitilize. Kwa ndege anayeruka, toa telekonveta. Mimi sijaona dawa nyingine kwa kamera za kizazi hicho, na wanaodai kuna mbinu huonyesha picha 1 nzuri bila kutaja 200 walizofuta.

Furukombe wa saa saba tutampitia haraka. Jua la mchana hupasha mabati, mawe na maji kwa viwango tofauti, hewa inachemka, na kati yako na ng'ambo ya ghuba kuna mazigazi matupu. Hakuna kioo kinachotibu hewa. Milimita 560 hukuza hewa hiyo kama inavyomkuza ndege.

Kilichonifanya niandike usiku huu ni ile kamba. Umeieleza kama kichekesho, nayo ndiyo ushahidi mkubwa kuliko yote. Kama kamba iliyo mbele ya ndege inaonekana nyuzi zake, basi vioo ni vizima, mikono yako imetulia na kasi ya shata inatosha. Kitu kimoja tu hakiko sawa: fokasi inaangukia mbele ya pale unapolenga. Katika kamera za kioo hilo hutokea kwa sababu njia ya mwanga kwenda kwenye kihisi cha fokasi si ile ile ya kwenda kwenye kihisi cha picha, na tofauti ndogo za kiwandani kati ya kamera, lenzi na telekonveta hujumlishana.

Fanya jaribio hili kabla hujatukana mtu. Tafuta mfuko mtupu wa sementi, ule wenye maandishi makubwa, uubandike ukutani kivulini, asubuhi kabla ukuta haujapata joto. Simama mita 12, kamera iwe juu ya tripodi, kitulizi cha mtikisiko kimezimwa, na shata ubonyeze kwa waya au kwa kipima muda. Kando ya mfuko laza tepu ya kupimia ya fundi seremala kwa mshazari, sehemu ikija mbele na sehemu ikienda nyuma ya mfuko. Piga picha 10 kwa lenzi pekee katika milimita 400, kisha 10 pamoja na telekonveta ukilenga kupitia dirisha la kutazamia, kisha 10 pamoja na telekonveta ukilenga kwa skrini ya nyuma. Kila mara, kabla ya kulenga upya, zungusha fokasi uiharibu kwa mkono, ili kamera itafute yenyewe.

Skrini ya nyuma hulenga kwa kutumia kihisi chenyewe cha picha, kwa hiyo haiwezi kudanganywa na zile njia mbili. Ikiwa picha za skrini ni kali na za dirisha ni laini, tatizo ni marekebisho. Ikiwa zote ni laini, hapo ndipo utakaporudi kwa muuzaji. Kamera yako ina sehemu ya marekebisho madogo ya fokasi, kutoka -20 hadi +20, na inahifadhi lenzi ikiwa peke yake na lenzi ikiwa na telekonveta kama vifaa viwili tofauti. Fokasi ikiangukia mbele, unaelekea kwenye kujumlisha. Rekebisha upande wa tele, yaani zumu ikiwa imevutwa hadi mwisho, kwa sababu huko ndiko unakoishi.

Kimya, kuhusu lenzi ya milimita 600, naomba uniambie ni nani atakayeipandisha mtaa wa Kadutu kwa miguu.

Mdiria wa Nguba (Bukavu)

Papa, nashukuru sana. Nitafanya jaribio hilo Jumapili, mfuko wa sementi ninao. Nina swali moja tu la nyongeza: kama telekonveta inatandaza tu sehemu ya katikati, kuna tofauti gani kati ya kuitumia na kuikata picha nyumbani kwenye kompyuta?

Mzee wa Chumba cha Giza (Bukavu)

Hilo ni swali ambalo wanunuzi wangeuliza kabla ya kununua, wengi wangebaki na pesa zao.

Kamera yako ina megapikseli 20. Ukiikata picha kwa kiwango cha 1.4x unabaki na 10. Kwa kiwango cha 2x unabaki na 5. Telekonveta inakurudishia zile pikseli zote, ikiwa tu lenzi ina maelezo ya kutosha kuzijaza. Lenzi yako inayo, ni kali sana katikati. Nyingi za bei ndogo zinazoishia f/6.3 hazina, na kwa hizo kukata ni bora, tena bure.

Kisha kuna hesabu nyingine ambayo napenda kuwafanyia vijana. Mdiria wa sentimita 25 aliye mita 20, kwa milimita 400, anachora mstari wa milimita 5 juu ya kihisi, ambao ni pikseli 1,200 hivi. Kwa milimita 560 anachora milimita 7, pikseli 1,700. Sasa tupa telekonveta, rudi kwenye 400, na umsogelee hadi mita 14. Anachora milimita 7 zile zile. Kifaa chako chote, pamoja na bei yake, stopu yake ya mwanga na nukta zake 64 zilizozimwa, kina thamani ya mita 6. Mara nyingine mita 6 ni maji marefu na huna la kufanya. Mara nyingine ni kutambaa tu kwenye matete.

Msituni ndiyo usithubutu. Niliwahi kupanda Tshivanga kuwaona sokwe wakubwa (gorila) wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, miaka ya nyuma, na mwenzangu mmoja alikuwa amefunga 1.4x tangu gari likiwa njiani. Chini ya mianzi na miti ile, saa nne asubuhi ni kama magharibi. Mimi kwa f/5.6 nilihitaji ISO 6400 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ili nipate kasi ya shata ya 1/250. Yeye kwa f/8 alihitaji 12800, picha zake zikajaa chenga hadi manyoya meusi yakawa kama changarawe. Na hao sokwe hawako mbali. Dume lilikaa karibu kiasi kwamba kichwa chake kilijaa picha nzima ya mwenzangu, masikio yakakatwa. Saa moja tuliyopewa iliisha akiwa bado anapapasa kufungua.

Lufira (Lubumbashi)

Nawasalimu kutoka Lubumbashi. Nimesoma maelezo ya Mzee na sina la kupinga, ila naomba kuongeza kuhusu hewa, kwa sababu huku kwetu hewa ndiyo adui wa kwanza.

Natumia Nikon D500 na lenzi ya 200-500mm f/5.6, pamoja na telekonveta ya TC-14E III, hivyo nafika milimita 700 kwa f/8. Kamera hii ina nukta 153, lakini kwa f/8 zinazofanya kazi ni 15, na ninazoweza kuzichagua mwenyewe ni 9. Ni nafuu kuliko moja, ingawa zote zimejikusanya katikati.

Sehemu ninayoipenda ni Ziwa Tshangalele, lile lililotokana na kuzibwa kwa mto Lufira pale Mwadingusha, upande wa Likasi. Kuna ndege wa majini wengi, na fukwe zake ni bapa, kwa hiyo kila ndege yuko mbali na hakuna pa kujificha ili umkaribie. Mtu angesema hapo ndipo mahali pa telekonveta. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, nyasi zinachomwa kila upande na moshi unakaa chini kama shuka. Jua likishapanda kidogo, ardhi iliyoungua inaanza kutoa joto, na ule ufuo bapa unachezacheza. Nilikaa misimu miwili nikilaumu lenzi. Siku moja nikapiga picha 30 mfululizo za kongoti aliyesimama wima bila kujongea, kamera ikiwa juu ya tripodi nzito, kisha nikazitazama moja baada ya nyingine kwa haraka: shingo yake ilikuwa inapinda kushoto na kulia kama nyoka. Ndege hakujongea. Hewa ndiyo iliyokuwa ikijongea.

Tangu siku hiyo nina kanuni yangu. Kabla ya saa tatu asubuhi telekonveta inaweza kukaa kwenye lenzi; baada ya hapo inaingia mfukoni, na kwa chochote kilicho zaidi ya mita 50 ardhini sihangaiki tena hadi jioni. Masika, mvua ikishanyesha na hewa ikasafishwa, muda huo unarefuka, na mara nyingine baada ya mvua ya mchana nimepata picha kali kuliko za alfajiri.

La pili ni kuhusu kuegemea. Lenzi yangu ina kilo 2.3 na siibebi mkononi kwa milimita 700. Nikiwa ndani ya gari, naweka dirishani mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage, nazima injini, nasubiri dakika moja. Injini ikiwaka hata mfuko haukusaidii, mtetemo unapita. Maharage hayo yameshapikwa mara mbili tulipolala porini, kwa hiyo nashauri wenzangu wayachague vizuri.

Jiwe Jeusi (Goma)

Yaya Lufira, hilo la shingo ya kongoti nitalijaribu hapa.

Mimi niko Goma na nilihamia kamera isiyo na kioo, Canon EOS R7, pamoja na RF 100-500mm f/4.5-7.1. Naandika ili mtu asifikiri kuhama huko kunamaliza mambo yote. Ni kweli ulengaji hauna tena shida ya f/8, maana kihisi cha picha ndicho kinacholenga, na kamera inaendelea kulenga hadi f/22. Jicho la ndege linashikwa popote lilipo. Marekebisho madogo ambayo Mzee ameyaeleza hayahitajiki.

Lakini telekonveta ya RF ina pua ndefu inayoingia ndani ya lenzi, na katika lenzi hii haiwezekani kuifunga kabla hujaivuta zumu hadi milimita 300. Baada ya kuifunga, zumu hairudi chini ya hapo. Kwa hiyo lenzi ya 100-500 inageuka kuwa ya 420-700, na haiingii tena kwenye mkoba wake mdogo kwa sababu lazima ibaki imevutwa. Ndege akiruka akaja karibu, umekwama. Tena upande wa tele unakuwa f/10. R7 ina megapikseli 32.5 katika kihisi kidogo, pikseli zake ni ndogo mno, na kwa f/10 mwanga wenyewe unaanza kutawanyika zaidi ya upana wa pikseli. Nililinganisha picha zilizokatwa na zilizopigwa kwa 1.4x nikaona tofauti ambayo lazima niitafute. Kadiri pikseli zinavyobanana, ndivyo telekonveta inavyokuwa na kidogo cha kuongeza.

Jingine ni vumbi. Wanaoijua Goma wanajua vumbi letu: ni unga wa mawe ya volkano, mweusi, wenye makali. Kila mara unapofunga au kufungua telekonveta nje, unafungua milango miwili badala ya mmoja. Mimi hubadilisha ndani ya gari, madirisha yamefungwa, mdomo wa kamera ukitazama chini. Bado nina nukta nne kwenye anga la kila picha.

Na kwa ndugu yetu wa Bukavu: lenzi nyeupe ndefu karibu na mpaka huita maswali kabla haijapata ndege. Jitambulishe kwanza kwa watu wa ufukweni, na usiielekeze kwenye daraja wala kwa mwenye silaha.

Mdiria wa Nguba (Bukavu)

Papa, Yaya Lufira, Jiwe Jeusi, nimerudi na matokeo.

Jumapili saa moja asubuhi nilibandika mfuko wa sementi kwenye ukuta wa kaskazini wa nyumba ya mjomba, nikalaza tepu kwa mshazari, nikapiga zile picha 30 kama nilivyoelekezwa. Watoto wa mtaa walikuja kuuliza kama ninauza sementi.

Lenzi pekee katika milimita 400: maandishi makali, ingawa nilipoichunguza sana tepu niliona ukali umekaa mbele ya mfuko kwa sentimita 3 au 4. Sikuwahi kuliona hilo. Pamoja na telekonveta kwa skrini ya nyuma: picha 9 kati ya 10 zilikuwa kali kuliko nilivyotarajia, hata vitobo vidogo vya mshono wa mfuko vilihesabika. Pamoja na telekonveta kwa dirisha la kutazamia: zote 10 laini, na kwenye tepu ukali ulikuwa sentimita 12 mbele ya mfuko. Ile kamba, Papa.

Nilianza na +5, nikaenda +10, nikarudi +8, na hapo picha za dirisha na za skrini zikawa hazitofautiani. Kwa lenzi pekee niliweka +2. Nilijaribu pia kuziba tundu hadi f/11: kingo zikawa bora kidogo, katikati hakukuwa na faida ya kunifanya nipoteze stopu nyingine. Nitabaki f/8, au f/9 jua likiwa kali.

Muuzaji nilikuwa nimeshamwandikia ujumbe wa hasira. Nimemwandikia mwingine.

Swali dogo: ISO gani mnaiona inavumilika kwa kamera hii? Asubuhi nataka 1/1600 kwa sababu mtumbwi unayumba hata ndege akitulia.

Mzee wa Chumba cha Giza (Bukavu)

+8 ni ya kawaida, usiiogope. Irudie baada ya miezi kadhaa, hasa kamera ikianguka.

Jua kamili likikupa mgongo, f/8 na 1/1600 hukaa ISO 400. Saa ya kwanza baada ya jua kutoka hesabu 800 hadi 1600, na kamera yako huvumilia 1600 bila manung'uniko ikiwa hujaipiga gizani ukaja kuing'arisha kwenye kompyuta, maana chenga huzaliwa hapo. Ikidai 3200 ili kupata kasi unayoitaka, toa telekonveta: unarudishiwa stopu moja na nukta zako 65, na picha ya ISO 1600 iliyokatwa nimeiona mara nyingi ikiishinda ya 3200 isiyokatwa.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau: telekonveta haibadilishi umbali wa karibu zaidi ambao lenzi inaweza kulenga. Lenzi yako hulenga hadi karibu mita 1, na itaendelea hivyo hivyo ikiwa na 1.4x, huku kila kitu kikiwa kikubwa zaidi. Jaribu vinyonga na vipepeo wa bustanini. Kwa maoni yangu huko ndiko kifaa hiki kinapolipa bei yake bila ubishi, kwa sababu huna hewa nyingi katikati na mnyama hana haraka.

Kimya (Bukavu)

Nakubali nilisema haraka. Telekonveta yangu ya kampuni nyingine iko kabatini tangu mwaka juzi kwa sababu hiyo hiyo ya ulaini. Kesho natafuta mfuko wa sementi.

Mdiria wa Nguba (Bukavu)

Taarifa ya mwisho kwa wanaofuatilia. Leo asubuhi nilimwomba mvuvi mmoja anichukue kwenye mtumbwi mdogo unaopeleka makapu, tukasogea polepole pembeni ya ile mitumbwi mitatu. Tulipoanza nilikuwa na telekonveta, na kwa mita 20 hivi nilipata mdiria aliyetulia, jicho likiwa na nukta yake ya mwanga na manyoya ya kifua yakitengana. Kisha mvuvi akaacha kupiga kasia, maji yakatusukuma yenyewe, na ndege hakuruka. Kwa makadirio yangu tulifika mita 12.

Hapo nilitoa telekonveta, mikono ikitetemeka, nikaiweka ndani ya kofia yangu mapajani. Mdiria alijitosa, akarudi na sambaza mdomoni, akaanza kuipigiza kwenye mti, mara ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Nilitumia nukta zote, milimita 400, f/5.6, ISO 800, 1/2000. Katika picha ya tano magamba mawili ya samaki yamebandika kwenye mti karibu na kucha za ndege, na moja liko hewani.